Mama mkwe anachoma kuku kwenye ngazi za dharura

Shangazi Milagros mpendwa, nisaidie kabla Jumapili haijafika, maana roho yangu haitulii. Naishi ghorofa ya tatu hapa Bacolod na mama mkwe wangu, Mama Purisima, na mwaka huu wapangaji walinichagua msimamizi wa usalama wa moto, nikabandika karatasi ya sheria ukutani kwa mikono yangu: hakuna kuchoma nyama roshani, jiko la mkaa ni uani tu, hatua tano kutoka ukutani, na ndoo ya maji iwe karibu. Sasa mama mkwe hana raha bila kuku wa kuchoma, yule wa kupakwa mafuta kwa bua la mchaichai, na uani hataki kushuka, anasema magoti yanamuuma na majirani watamwombaomba, basi akaweka jiko kwenye ngazi za dharura, chini ya kidirisha. Nilipomwonyesha karatasi akavaa miwani akaisoma yote, akasema, "Imeandikwa roshani. Hii ni ngazi, mwanangu." Nikarudi ndani, Shangazi, mimi msimamizi mzima.

Jumapili iliyopita mafuta yakadondokea makaa, moto ukaruka ukashika gunia la mkaa, nikauzima kwa maji ya kufulia, lakini moshi ulishapanda, na juu yetu anaishi Mwalimu Consorcia anayetembea kwa magongo. Alidhani jengo linaungua, akaanza kushuka, akakutana na moshi, akarudi. Tulimkuta amekaa sakafuni na rozari mkononi, anakohoa, tukamwambia ni takataka tu zimewaka. Mume wangu ni baharia, likizo yake inaisha na Jumatatu anaondoka kurudi melini, na Jumapili hii mama yake atamchomea kuku kumi na wawili palepale, na yeye ananiambia nisimharibie mama siku yake. Nimwambieje mama mkwe bila kumuumiza? Naogopa kusema na naogopa kunyamaza.

Msimamizi mwenye hofu

Mwanangu, pole. Kuishi na mama mkwe si kazi ndogo, na huyo wako angefaa kuwa wakili. Lakini usijitie unyonge. Wapangaji walikuchagua wewe.

Kwa habari ya kuku, anza na mumeo. Muulize kama nahodha wake angekubali jiko la mkaa kwenye njia ya kufikia boti za kuokolea. Akishajibu, abebe jiko hadi uani, kisha amshike mama yake mkono amshushe polepole, na kiti chake. Wekeni ndoo mbili za maji. Makaa yamwagiwe maji hadi yapoe kabisa ndipo mtu apande kulala. Majirani wakiomba kuku, wapeni. Mama akinuna, mwache anune, atakula tu.

Lakini kuna jambo limenikasirisha. Umeniuliza habari za mama mkwe, umenieleza ya mumeo, na juu ya Mwalimu Consorcia hukuuliza hata neno moja. Mama wa watu mmemdanganya. Panda kwake leo hii, kabla hujazungumza na yeyote, umwambie moshi ulitoka wapi na umwombe radhi. Usingoje Jumapili. Siku moto wa kweli ukija, atanusa moshi, atakumbuka mlichomwambia, na atabaki amekaa.