Waya Chini ya Mkeka wa Futari

Alhamisi, Usagara. Joto limetukalia tangu asubuhi, hata upepo wa alasiri haukuja. Nimeshinda na swaumu na hasira pamoja, na najua haifai.

Leo nimemkomesha Hamza.

Kila Alhamisi ya mwezi huu ofisi yetu hufuturisha wafanyakazi. Wiki iliyopita, tukisubiri adhana, mtandao ulikufa na oda za machungwa kutoka Muheza zikakwama. Asubuhi ukarudi wenyewe. Hamza, fundi mwenzangu, akamwambia bosi wetu Mama Neema kwamba mimi ndiye niliyeuharibu kwa kuchokonoa swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za kompyuta zote, na yeye ndiye aliyeutengeneza. Mama Neema akaninyang'anya ufunguo wa chumba cha mitambo mbele ya watu. Fundi wa mtandao asiye na ufunguo ni pambo tu. Nililia chooni, nikanawa uso, nikaanza kusubiri.

Leo jioni mtandao umekufa tena, na safari hii sikuwa na ufunguo.

Nilimfuata Mama Neema, nikampa shikamoo yake, nikamwomba anifungulie chumba na asimame papo hapo aone.

Swichi haina rafiki. Hakuna anayeiambia nani anakaa wapi. Inajifunza kwa kusikiliza. Kila fremu, yaani kile kifurushi kidogo cha data, hupita na anwani mbili: ya kifaa kilichotuma na ya kifaa kinachopelekewa. Swichi huangalia mtumaji na kukumbuka ameingilia tundu gani. Akija kutafutwa, humpelekea kwenye tundu hilo tu. Isiyemjua humtafuta kwa kutoa fremu kwenye matundu yote, isipokuwa lile ililoingilia.

Nikafungua jedwali la anwani. Printa ya mapokezi ilionekana iko chumbani kwa Hamza. Nikaangalia tena, iko mapokezi. Mara iko kwa Hamza. Kompyuta ya mhasibu nayo hivyo hivyo. Printa haina miguu. Fremu zilikuwa zinaingia chumbani kwake, zinazunguka humo bila kikomo na kutoka tena mpaka mtandao wote unasongwa, swichi inadhani zimezaliwa huko. Nikamwambia Mama Neema twende tukaone.

Chumba cha Hamza ndicho kikubwa, kwa hiyo mkeka hutandikwa humo, na Waislamu na Walutheri wote tunakaa chini. Ili kupisha sahani, Hamza huondoa laptopu yake. Sasa huyu bwana hawezi kuvumilia kuona waya unaning'inia. Ncha iliyotoka kwenye laptopu huichomeka kwenye swichi ndogo chini ya meza, swichi ile ile yenye ncha ya pili ya waya huo huo, kisha anaufunika kwa mkeka. Asubuhi huurudisha kwenye laptopu, mtandao unapona, naye anapokea sifa.

Ningeweza kuinama nikauchomoa kimya kimya. Sikutaka. Watu walikuwa wameshakaa, uji umeshamiminwa. Nilifunua pembe ya mkeka, Hamza akaona, akanisogelea.

"Nisitiri, dada'angu. Tumefunga."

"Hata Alhamisi ile nilikuwa nimefunga," nikamjibu, kwa sauti ya kusikika na wote. "Inama uuchomoe mwenyewe."

Akainama. Hajanyanyuka, simu za watu zikaanza kulia meseji. Mama Neema alinirudishia ufunguo na kuniomba radhi mbele ya wale wale. Nilifungua kwa tende, lakini utamu nilikuwa nimeshaupata.

Sasa niko nyumbani. Mke wa Hamza amepita kuniletea bakuli la kaimati na salamu za mumewe. Nimezila zote, mpaka shira ya chini nimeilamba.

Najiuliza kama nimsamehe, mwezi wenyewe huu. Swichi ni rahisi: kifaa kikikaa kimya dakika chache, inafuta anwani yake na kuendelea na kazi. Mimi bado nakumbuka kioo cha kile choo.

Kwetu bakuli la futari halirudishwi tupu. Hata kama huna kitu, utatia tende mbili. La Hamza nimeliosha, nimelikausha vizuri, nimeliweka kwenye mkoba wa kazini.

Kesho nitamkabidhi mezani kwake, watu wakiwepo. Tupu.