Walivyowagombanisha Babu na Mzee Cuthbert

14 Mtaa wa Poplar,
Ashington, Northumberland.
12 Novemba, 2023.

Mpendwa Bibi Doreen,

Hujambo, Bibi? Natumaini goti lako limepata nafuu kabla theluji ya huko Kanada haijaanza. Sisi hatujambo. Mama bado yuko zamu ya asubuhi, nami tangu nimalize shule nashinda na kaka yako, Babu Wilf, kwa sababu ngazi zinamsumbua.

Uliniandikia kwamba unawaringia majirani zako, unawaambia hakuna televisheni duniani kama ya Uingereza. Tafadhali, Bibi, acha kuwaringia. Nimekasirika sana, na unajua mimi si mtu wa kelele.

Septemba walikuja watu wa kampuni moja ya London. Walisema wanatengeneza kipindi kuhusu mashindano yetu ya kukuza vitunguu vikubwa vya liki. Babu alifurahi kupita kiasi. Akatusimulia habari za yule mtangazaji aliyekuja enzi zenu, aliyeshinda bustanini kutwa nzima akiuliza na kusikiliza, na kila mchimba makaa akaachwa amalize alichokuwa anasema. Babu akanyoa ndevu. Akamwita Mzee Cuthbert wa bustani ya pili, ambaye amelima naye bega kwa bega tangu mgodi ufungwe, wakawapikia wageni chai.

Kipindi kilitoka mwezi uliopita. Mwaka huu mvua iliozesha liki zote za Babu, na kila mtu hapa analijua hilo. Lakini kwenye televisheni ukapigwa muziki wa kutisha, na sauti ikauliza ni nani aliyeingia bustanini usiku na kisu akazikata liki hizo. Akaonyeshwa Babu, amekunja uso. Kisha Mzee Cuthbert, anacheka!

Mimi nilikuwepo, Bibi. Babu alikunja uso kwa sababu mpiga picha alikanyaga karoti zake. Mzee Cuthbert alicheka siku nyingine kabisa, mbwa wake alipoiba sandwichi ya dada mmoja aliyewaongoza wale watu wa London. Wakazishona siku mbili zikawa moja, na rafiki akageuzwa adui. Huo ni uongo, hata kama hakuna aliyetamka neno la uongo. Na wanalipwa kwa kazi hiyo!

Kilabuni wakaanza kumtania Mzee Cuthbert. "Ficheni visu, jamani, Cuthbert kaingia!" Wao waliona ni mzaha tu. Yeye akaacha kwenda kilabuni, akaacha na kuja kwetu. Babu akawa anakaa dirishani. Nilipomwambia amfuate, akasema, "Nikamwambie nini, mjukuu wangu? Anadhani ni mimi niliyemsingizia. Nchi nzima imeona."

Wiki iliyopita yule dada akapiga simu. Walitaka kurudi Alhamisi kupiga picha za mapatano. Unajua Babu alijibu nini? Alikubali! Alisema Cuthbert akija kwa ajili ya kamera, angalau atakuwa amekuja. Nilijifungia chooni nikalia kwa hasira.

Halafu nikavaa koti, nikaenda kwa Mzee Cuthbert. Unajua mimi huogopa hata kuagiza chipsi. Akafungua mlango, amevaa tai. Alikuwa anaijaribu kwa ajili ya Alhamisi. Naye alikuwa amekubali.

"Kwa hiyo mtangoja watu wa London wawape ruhusa ya kunywa chai pamoja?" nikamwambia. Nilipaza sauti, Bibi, mpaka mbwa akaingia chini ya kiti.

Akanitazama. "We mtoto, umeanza lini kuwa na mdomo?"

"Leo."

Akachukua kofia yake.

Babu alipomwona mlangoni aliinuka kitini. Akasema, "Mpumbavu wewe, hiyo si tai ya mazishi?"

"Umekaa kimya siku zote hizi, nilidhani umekufa," akajibu Mzee Cuthbert.

Wakashikana mikono, wakasahau kuachiana.

Alhamisi gari la kampuni likaja. Yule dada akawakuta bustanini wanageuza udongo. Unadhani alifurahi? Aliwaomba watoke, waingie tena mmoja mmoja, washikane mikono kana kwamba bado hawajapatana. Hakuona haya hata kidogo. Babu akakataa, na Mzee Cuthbert akaendelea kulima.

"Hasara iliyoje, jamani," akasema yule dada. "Tukio zuri hivyo, na hakuna aliyeliona."

"Mimi niliona," nikasema, nikamfungulia geti atoke.

Nisalimie Mjomba Raymond, na Gillian na wanawe. Mama anakukumbuka sana, na Babu anasema uandike upesi. Mungu akukinge na baridi, akulaze salama kila usiku.

Mjukuu wako anayekupenda daima,
Kirsty