Alama za Vidole Dukani kwa Omwenga

Macalder,
16 Januari 1994

Kaka Oliver,

Salamu hizi zikukute mzima, wewe na wifi Mourine. Sisi tunapumua, tumshukuru Mungu. Baba anakula vizuri, ila ulimi haujarudi tangu apooze. Anasema "mm", mimi namalizia.

Kaka, chuo cha ualimu kimeniita tena. Naripoti tarehe tisa Mei. Mara ya kwanza niliacha kwa sababu ya Baba, na nikiacha hii hakuna ya tatu. Baba anaweza kuishi kwako. Shida ni kitabu.

Unakikumbuka? Kile alichobandika karatasi za sabuni na pakiti za majani chai kwa uji wa muhogo. Kila mchimbaji, kabla ya kushuka mgodini mara ya kwanza, alipita dukani kwetu akaacha alama ya kidole gumba nyuma ya karatasi, ili shimo likimmeza watu wake wapate kitu cha kuzika. Majina hayakuandikwa. Walisema ukiandika jina la anayeshuka, umemwitia kifo. Yalikaa kichwani mwa Baba, na sasa yako kwangu, maana kila Sabato baada ya kanisa alinikalisha akanitajia ukurasa kwa ukurasa. Wewe ulikuwa umesharuka dirisha kwenda mpira!

Mgodi ulifungwa zamani, lakini watu bado wanakuja dukani kwa Mzee Omwenga, kwa Baba, kuulizia baba zao. Nikiondoka watamuuliza nani? Nimefungwa hapa kama mbuzi, Oliver. Njoo.

Dada yako,
Jerusha

Homa Bay,
20 Februari 1994

Dada Jerusha,

Poleni na jua, hata huku mvua imetusahau. Mourine ni mjamzito, anawasalimu.

Sasa wewe unajisumbulia nini? Chukua kalamu, andika jina chini ya kila alama, kwisha maneno. Makaratasi hayawezi kukufunga. Pasaka nakuja kumchukua Baba, kweli kabisa.

Kaka yako,
Oliver

Macalder,
17 Aprili 1994

Kaka Oliver,

Hamjambo? Wifi anaendeleaje na hali yake? Pasaka tulipika kuku, tukakungoja mpaka mchuzi ukaganda. Aki, hata salamu hukutuma!

Niligusa kitabu kwa kalamu mara moja tu, Baba akanipiga mkono. Basi nikawa naandika kwa siri katika daftari la shule. Nilifika alama ya tisini na sita. Juzi akaliona. Alilisoma polepole, akajivuta hadi jikoni, akalitia kwenye makaa kwa ule mkono mzima. Nililia kama mtoto, naye pia alilia.

Siku hiyohiyo akaja mtu kutoka Ukurya, anaitwa Maroa. Baba yake alibaki chini yeye akiwa tumboni. Nikafungua kitabu kwenye ukurasa wa pakiti ya chai, nikamwambia, huyu hapa, alikuwa mrefu, alipenda kuimba. Akaweka kidole chake juu ya kile cha babake, akakaa hivyo mpaka chai niliyommiminia ikapoa. Niambie, mtu kama huyo ningemfungia mlango?

Lakini zimebaki wiki tatu. Nakuomba.

Dada yako,
Jerusha

Homa Bay,
24 Aprili 1994

Dada Jerusha,

Natumaini Baba ni mzima. Mourine amejifungua msichana, tumemwita Bitutu. Sasa unaona mwenyewe, siwezi kutoka. Ngoja mwakani, dada, chuo hakihami. Wewe ndiye uko nyumbani.

Kaka yako,
Oliver

Macalder,
8 Mei 1994

Oliver,

Hongereni kwa mtoto, Mungu amlinde.

Jana baada ya kanisa Baba alivuta karatasi mpya ya sabuni. Akafungua wino wa muhuri wa duka, akashika mkono wangu, akachovya kidole changu gumba, akakigandamiza kwenye karatasi. Nilidhani amechanganyikiwa. Kisha akachota uji wa muhogo, akanibandika ukurasa wa mwisho, akanisukumia sanduku langu kwa mguu.

Anayeacha alama ni anayeondoka. Nimekaa na kitabu hiki miaka yote, na sikuwahi kufikiri kuna nafasi yangu ndani yake. Nimelia mpaka kichwa kinauma.

Nyaboke wa jirani atakaa naye wiki moja. Moja tu. Barua hii anaileta Fanuel wa lori la samaki, atakupa mkononi. Ukiisoma, mimi niko chuoni.

Jerusha

Macalder,
19 Juni 1994

Dada Jerusha,

Hujambo, mwalimu? Chakula cha chuo kinapita kooni? Ndiyo, hujakosea kusoma, ni Macalder. Nilikuja kumchukua Baba, akashika mwimo wa mlango akakataa kuuachilia. Basi nikabaki, na kazi yangu ya Homa Bay wamempa mwingine. Mourine na Bitutu wamenifuata. Naamka, nafungua duka, nafunga duka, na siku imekwisha.

Jana alikuja mama mzee kutoka Kisegi, amebeba kuku, anamuulizia mumewe. Nikafunua kurasa zote. Baba akaonyesha moja kwa kidole, "mm, mm", machozi yanamtoka. Yeye anajua, mimi sijui, na yule mama ananitazama. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilikuambia makaratasi hayafungi mtu! Nisamehe, dada.

Katika kitabu kizima, alama ninayoijua ni moja, yako.

Agosti mkifunga chuo, njoo japo Sabato moja. Utanitajia, ukurasa kwa ukurasa, nami nitakaa pale pale ulipokaa wewe. Dirisha nimeshalipigilia misumari.

Kaka yako,
Oliver