Waya wa Pili

Kasense, Sumbawanga
14 Januari 2024

Mwanangu Evodia,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo na joto la Dar halijakumaliza. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika kwa palizi ya mahindi. Ulezi umeota vizuri. Barua nimempa kondakta wa basi, maana mtandao wa huku umekuwa wa hovyo. Usihangaike kupiga simu.

Nina shida. Tangu zifungwe spika mpya kanisani, sauti ya kwanza haisikiki. Wanawake wanaimba, naona mishipa ya shingo imewatoka, lakini kinachonifikia ni besi tu. Jamaa mmoja mwenye duka Chanji anasema tumefungiwa waya wa bei rahisi, unakula sauti nyembamba. Anao mwingine, mnene kama kamba ya ng'ombe, na bei yake inatisha. Wewe unauza vyombo vya muziki huko Kariakoo, niambie: waya wa ghali unaleta tofauti kweli? Pasaka tunaimba ule wimbo nilioutunga alipofariki mama yako. Sitaki uharibike mikononi mwangu.

Baba yako,
Wilibrodi


Dar es Salaam
23 Januari 2024

Shikamoo baba,

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Pole na palizi, na huo mgongo uupumzishe.

Usinunue. Kama waya haujakatika wala haukwaruzi, wa bei chee na wa ghali unaimba vilevile. Hapa dukani zile nene bosi anaziweka kwenye kabati la kioo, ndani ya boksi lenye kitambaa chekundu utadhani pete ya ndoa. Mteja akishalipa, anaapa kwamba amesikia tofauti. Nani akubali kuwa amepigwa? Mimi nimezisikiliza zote tukishafunga duka, sikusikia kitu.

Halafu, mtandao gani huo? Shangazi Monika yuko ng'ambo tu ya uzio wako na nampata kila nikipiga. Anasema siku hizi unapita kwake bila kuitikia salamu. Umekasirikia nini?

Mwanao,
Evodia


Kasense
18 Februari 2024

Marahaba mwanangu,

Hatujambo, mvua inanyesha. Huyo shangazi yako anasalimia kwa kunong'ona, mimi nifanyeje?

Waya nimenunua. Nimeuza mbuzi, usianze kunifokea. Na tofauti ipo! Jumapili sauti ya kwanza ilirudi. Si yote, lakini ilirudi. Ila Adolfu, yule mwimbaji wetu wa besi, kasema mbele ya watu kwamba hasikii tofauti yoyote. Nikamwambia masikio yake ni ya kusikilizia bodaboda. Wakacheka. Baadaye Hellena, anayeongoza sauti ya kwanza, akanifuata pembeni akasema, "Mwalimu, sisi tulikuwa tunasikika tu, hata kabla ya huo waya."

Imeniuma sana. Wananiona mzee anayeota mchana. Nimeapa mbele yao kwamba nikishindwa kuonyesha tofauti, kwaya namwachia Adolfu. Nimeifundisha tangu hujazaliwa, Evodia. Bila kwaya mimi ni nani hapa Kasense? Nipe njia ya kuwanyamazisha.

Baba yako


Dar es Salaam
27 Februari 2024

Shikamoo baba,

Habari za huko? Mimi niko salama, ila barua yako imeninyima raha. Kiapo cha nini tena, baba?

Haya, fanyeni hivi. Mpige wimbo mmoja wa kwaya mliourekodi. Wewe keti ukiipa spika kisogo. Adolfu aweke waya mmoja, kisha wa pili, bila kukwambia upi ni upi. Ukiusikia ule wako wa ghali, nyoosha mkono. Nakwambia kabisa hutautambua, na wala si aibu, hata bosi wangu hawezi. Mtacheka, kiapo kitasahaulika, na Pasaka utaongoza wewe. Mimi sitapata ruhusa, basi unirekodie.

Mwanao anayekupenda,
Evodia


Kasense
9 Aprili 2024

Mwanangu Evodia,

Marahaba. Huku baridi imeanza mapema. Barua zako zote za mwezi uliopita zimefika, nisamehe kwa kimya.

Tulifanya ulivyosema. Kwaya nzima ilikuja, na katekista naye. Nikakaa benchi la mbele, Adolfu na spika nyuma yangu. Wimbo ukaanza. Besi, besi tupu. Nikatikisa kichwa, nikajua huu ni waya wa zamani. Ukakatika kidogo. Halafu ukaja, Evodia. Sauti ya kwanza yote, nyembamba, safi, na katikati yao nikamsikia mama yako akiivuta ile amina yake. Nilisimama. Nikaongoza kwa mikono miwili mpaka ubeti ukaisha, machozi yananitoka. Nikasema kwa nguvu, "Huu! Huu ndio waya wenyewe!"

Nikageuka. Adolfu alikuwa amesimama na nyaya zote mbili mkononi. Ule wa pili alikuwa bado hajauchomeka. Hellena alikuwa amejifunika uso kwa kitenge.

Sikuwa nadanganya, mwanangu. Nilisikia.

Pasaka aliongoza Adolfu. Alikataa sana, nikamlazimisha. Mimi nilikaa nyuma na wazee wenzangu, nikawaangalia wakifungua midomo. Sikukurekodia, nisamehe.

Wala usijilaumu kwa lile jaribio. Nimekwenda kwa daktari wa masikio mjini. Ameniandikia kwenye karatasi kwamba yaliyokwenda hayarudi. Na mtandao wa Kasense hauna tatizo lolote. Jina lako likitokea kwenye simu naliangalia mpaka linapotea. Naogopa kupokea, maana kitanguruma kitu tu humo ndani na sitakuwa na hakika kama ni wewe.

Umeandika kwamba unakuja mwezi wa sita. Ulizoea kuanza kuniita ukiwa bado barabarani, mbwa wote wanatoka. Safari hii usiite. Ingia ndani mpaka mbele yangu, nikuone mdomo.

Baba yako