Maua ya Kishamba cha Nyuma ya Zizi Sing'oi

Olmotonyi, Arusha
6 Julai 2025

Mpendwa kaka Lerionka,

Shikamoo kaka. Habari za huko Tabora? Wifi Kandida na watoto wanaendeleaje? Sisi hatujambo. Baridi ya mlima imebana na magoti ya mama yanamsumbua, lakini ng'ombe anakamuliwa na chai ipo.

Ujumbe uliompa baba mdogo Lomayani nimeupata: ning'oe maua yote kabla hujaja Desemba, kishamba cha nyuma ya zizi kirudi kuwa cha migomba. Kaka, nakuheshimu, lakini sing'oi. Kishamba alinipa mama, nawe ulikuwepo.

Ni kweli masika yaliniumbua. Zile sakulenti, zenye majani manene yaliyojipanga kama waridi, zilioza karibu zote. Kosa langu nalijua. Nilizijazia samadi na kufunika mashina kwa majani makavu ya mgomba, kama tulivyofundishwa kulea kahawa. Mizizi ikakaa kwenye unyevu mpaka ikawa uji. Majirani walicheka, na baba mdogo alicheka kuliko wote.

Wacheke! Nilikata vichwa vilivyobaki vizima, nikaviacha kivulini siku nne vidonda vikauke, kisha nikavipanda kwenye changarawe nyeusi ya Oldonyo Sambu iliyochanganywa na udongo kidogo tu. Namwagilia udongo ukishakauka kabisa, tena chini, siyo katikati ya majani. Vilivyorefuka shingo kwa kukosa jua nimevitoa chini ya migomba ya pembeni kuvizoesha jua, kidogo kidogo visiungue. Vidudu vyeupe kama pamba navifuta kwa spiriti.

Juzi mama alipita akainama kuvitazama, pamoja na magoti yake yale.

"We Nalepo, unakinyima maji, unakinyima samadi, halafu ndo kinanenepa?"

Nikamwambia ndiyo. Aliondoka na viwili, ameviweka dirishani kwake.

Baba mdogo naye kaniletea jembe jipya, eti la kung'olea. Nilimshukuru sana. Nimelitumia kuchimba mfereji wa kutoa maji ya mvua, na palipokauka nimeongeza safu tatu. Desemba njoo, kaka. Ukitaka kulishika hilo jembe, lipo. Mfereji bado haujafika mwisho.

Msalimie wifi Kandida, na Peter mwambie shangazi anamkumbuka. Mungu awatunze huko na awafikishe nyumbani salama.

Mdogo wako anayekupenda na asiyeng'oa kitu,
Nalepo