Kerengende Kwenye Kitako cha Bunduki

Kwako mama yangu,

Shikamoo. Kaka Katana ameniambia goti limekurudia na umekataa kwenda hospitali. Mama, nenda. Mafuta ya kuchua peke yake hayatoshi, na wewe mwenyewe unajua. Je, mvua za vuli zimefika hapo Kaloleni? Kisima kimepata maji? Mimi huku Minnesota ni mzima wa mwili, baridi imeanza na navaa soksi mbili mbili. Ila moyo umechafuka, na nisipokueleza wewe nitapasuka.

Unakumbuka nafanya kazi New Hope, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mmoja wao anaitwa Mzee Clifford. Si Mzungu, mama. Ni Mdakota, wa wale wenye nchi hii kabla ya Wazungu kufika, ambao wengine huwaita Wasioux. Miguu haimchukui tena. Juu ya kitanda chake imetundikwa bunduki ya baba wa babu yake, aliyepigana nayo kutetea ardhi yao. Utumbo wa bunduki yenyewe ulishatolewa zamani, haiwezi kumtisha hata kunguru. Mambo yako kwenye kitako cha mti. Kimepigiliwa misumari ya shaba yenye vichwa vya duara, na kati ya misumari pamechongwa mstari wa radi, kwato za farasi, na kerengende mmoja amekunjua mabawa.

Nilimuuliza, kerengende wa nini? Akanijibu, "Umewahi kumpiga kerengende ukampata?" Sijawahi. Basi babu yao alimchonga akiomba naye awe hivyo hivyo, risasi zimkose. Ile ni dua, mama. Alama nyingine alikataa kunieleza, akasema hizo ni za nyumbani kwao. Nami sikumchimba.

Sasa kuna mwenzangu wa zamu, Mkenya kama mimi, tunamwita Mama Neema. Ndiye aliyenipokea nilipofika, akanipeleka kanisani kwao Brooklyn Center, akanifundisha kuendesha gari kwenye theluji. Wema wake siukatai. Lakini tangu aione ile bunduki hakutulia. Akiingia kubadilisha shuka anakemea pepo chini chini. Siku moja akaniita pembeni.

"Kadzo, wewe huoni hiyo michoro?"

"Naona. Huyo ni kerengende."

"Kerengende wa nini kwenye bunduki? Hiyo ni mikataba ya kuzimu. Ndiyo maana yule mzee hatembei."

"Mama Neema, yule mzee hatembei kwa sababu ni mzee."

Akarudi kazini, nikadhani yameisha. Kumbe.

Jumapili iliyopita nimeketi kanisani, mchungaji anahubiri habari za kuvunja madhabahu za ukoo. Mara akasema, "Leteni." Mama Neema akatokea nyuma amebeba kitu kirefu, kimefungwa kwa shuka ya maua ya buluu. Shuka ile naijua, naifua mimi. Wakaifunua bunduki mbele ya watu, wakaimwagia mafuta ya upako mpaka yakachuruzika sakafuni. Mezani palikuwa na msumeno. Mchungaji akatangaza kuwa baada ya maombi kitako kitakatwa vipande kichomwe, ili huyo mzee asiyemjua Mungu afunguliwe.

Asiyemjua Mungu. Nani alimuuliza?

Unanijua, mama. Mimi hata kwenye arusi nakaa nyuma karibu na sufuria. Siku hiyo niliinuka. Watu wakapiga makofi wakidhani naenda kuombewa, na mchungaji akaniwekea mkono kichwani. Mimi nikaikamata bunduki.

"Mchungaji, hii ni mali ya mtu," nikasema. "Mlimwomba?"

Kipaza sauti kikayabeba maneno yangu mpaka mlangoni. Akatabasamu. "Mali ya shetani haiombwi, dada yangu."

"Hata wageni waliochukua vyetu kule nyumbani walisema hivyo hivyo."

Mama Neema akaushika mtutu, mimi nimeshika kitako, tukavutana pale madhabahuni kama watoto wanaogombea muwa, mpaka mkono wake ukateleza kwa yale mafuta yake mwenyewe. Nikaifunga kwa leso yangu niliyojitanda, nikatoka. Mlangoni baba mmoja wa Kikongo akaninong'oneza, "Funika yote, mama. Polisi ikiona weye na bunduki, haitauliza." Alisema kweli. Niliendesha hadi New Hope, kila gari la polisi nikiliomba linipite.

Mimi naliita jambo hili kwa jina lake: wizi. Wamemwibia mzee asiyeweza hata kusimama kuwazuia, kisha wakaimba. Na waliofanya hivyo ni sisi, watu ambao kila siku tunalia tulivyodharauliwa na wageni. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Mzee Clifford hakuwa amekula tangu Jumamosi. Mama Neema alimwambia bunduki imepelekwa kusafishwa. Akaipokea, akapitisha kidole kwenye kila alama kuhakikisha ipo, akayafuta mafuta kwa mkono wa shati. Akataka kujua walisema nini, nami sikumficha. Hakukasirika kama mimi. Akasema alibatizwa akiwa mchanga, na bibi yake alikuwa akiimba nyimbo za Yesu kwa Kidakota, bunduki hiyo hiyo ikiwa ukutani. Halafu akaniuliza, "Na kwenu, babu zako walichonga nini?"

Nilimwambia tu kwamba babu yangu alipokufa alichongewa nguzo, tunaiita kigango, ikasimamishwa nyumbani ili roho yake iwe na mahali. Akauliza, "Imechongwa alama gani?" Pembe tatu, nikasema, pembe tatu nyingi. "Maana yake?" Sijui. Mtu mzima mwenye watoto, sijui. Niliona haya mbele yake kuliko nilivyoona kanisani.

Mwenye nyumba ya wazee amepata habari, amemwachisha kazi Mama Neema. Kanisani sasa mwenye pepo ni mimi. Wametoa jina langu kwenye kundi la akina mama, na huku ukiugua au ukifiwa ndio hao hao wanaokuja na sufuria. Naogopa, sikufichi. Ila msamaha siwaombi.

Nisalimie kaka Katana na mkewe, shangazi muuza mahamri, na Sidi mjukuu wako, mwambie nimeona matokeo yake na nimefurahi. Mwalimu jirani naye mpe salamu zangu.

Nawe mama, nina neno, na nalisema kwa adabu ya mtoto. Siku wahubiri walipong'oa kigango cha babu wakakichoma, nilikuwa nimekuja likizo. Niliona mafuta ya taa yakitoka jikoni mwetu, na aliyeyabeba ni wewe. Babu alikuwa baba yako mwenyewe. Wewe ndiye uliyempikia fundi siku zote alizokuwa akikichonga, na waliokaa naye wengine wote wameshakufa. Mkalishe Sidi na simu, umweleze kila pembe ilikuwa ya nini, anirekodie. Na kama hujui, niambie hivyo hivyo kwamba hujui, nifahamu tulichoma nini.

Mwanao akupendaye, hata kama leo amekasirika,

Kadzo