Uyoga Nilioumwaga Lualaba

Kindu, Kasuku

Mdogo wangu Mama Neema,

Kosa la watu wengi ni kuhesabu faida ya uyoga kwa bei ya siku walipouza kikapu cha kwanza. Unisamehe kulitaja kabla ya salamu. Goti lako limepona? Huko Obokote mvua imewaachia mpunga? Sisi ni wazima, ila hatucheki sana.

Umeniandikia kwamba unataka kuuza michikichi aliyotuachia mama, uanze kulima uyoga kama mimi. Ngoja nikueleze yaliyonipata.

Nilipoacha kazi ya ukarani kwenye reli, niliuza mashine ya kushona ya mke wangu. Fedha ile ilinunua mbegu iliyokuja kwa ndege, mifuko, na makala, yaani makaa, ya kuchemshia maganda ya mpunga ya kuoteshea uyoga. Mavuno ya kwanza yalichukuliwa yote na mama mmoja wa Butembo, mwenye mgahawa karibu na bandari ya hapa Kindu. Nikajiona tajiri.

Kisha mvua zikaja. Wanawake wa vijijini wakashusha sokoni uyoga wa msituni, ambao haukuwagharimu mbegu wala makala. Bei ikaanguka, na wangu ukazidi kuota. Ukikaa siku mbili tu, unalainika na kunuka.

Mke wangu akasema, "Baba Sifa, tuukaushe kwa moshi. Wakati wa vita, kule porini, si uyoga mukavu njo ulituponyesha?"

Nikamjibu, "Mimi si mukimbizi tena. Chakula ya pori haiingii kwa karani."

"Basi, karani, kula haya yako na bugali!"

Alicheka. Mimi nikabeba vikapu, nikavimwaga katika mto Lualaba. Sikubaki na cha kununulia mbegu nyingine.

Kiangazi kiliporudi, yule mama wa mgahawa akaja mlangoni: "Baba, hata mukavu hauna?" Mke wangu alinitazama, akarudia nguo aliyokuwa akishona. Siku hizi hushona kwa mkono, sindano karibu na macho.

Nimeelewa nikiwa mzee: mwenye uyoga mbichi hawezi kukataa bei, mwenye mkavu anaweza kungoja. Michikichi usiiuze. Mafuta yake yatakununulia mbegu kidogo kidogo.

Nisalimie shemeji, shangazi yetu mwenye mikeka, na binti yako mwalimu, ambaye najua ndiye anayekusomea maandishi yangu mabaya.

Leo, kabla jua halijatua, funga uchanja wa kukaushia juu ya jiko lako.

Yaya wako, kaka yako mkubwa,
Baba Sifa